Gesi Isiyonuka

Tulimwacha Peres mlangoni mwa chumba cha baridi, nyuma ya bucha ya Nyokabi pale Kenyatta Market, mkono mmoja juu ya komeo na pumzi zimemwishia. Ndani, kati ya mbuzi waliochunwa na kuning'inizwa, Mzee Obuya alikuwa ameshaiwasha taa yake ya kunusa. Mwali mdogo wa buluu ulicheza mkononi mwake.

Na chumba kile, msomaji, kilikuwa kinajaa gesi inayolipuka. Obuya hakujua. Aliyejua ni Peres, naye alikuwa amechelewa.

Aliona jambo moja tu. Mzee alikuwa amesimama wima, taa iko usawa wa kifua, na magoti yameanza kukunjika.

"Mzee, usiiname!"

Obuya aligeuza shingo. "Nani huyo? Nyar Alego?" Alizoea kumwita Peres kwa jina la kwao, binti wa Alego. "Funga mlango, mama. Baridi inatoka."

"Usiiname, baba. Nakuomba. Simama hivyo hivyo."

"Nisimame nikingoja nini? Gesi hulala chini. Huko juu nitaipata wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia usiiname!"

Wasioijua kazi hii waambiwe upesi, maana mwali ule hautungoji. Taa ya kunusa ni chombo cha mafundi wa zamani. Juu kuna moto, chini kuna mpira mrefu unaofyonza hewa. Fundi huupitisha mpira kwenye mabomba, na gesi ya zamani ikiingia mwali hugeuka kijani. Hapo tundu limepatikana.

Gesi hiyo ya zamani mafundi huiita kumi na mbili. Haiwaki. Ubaya wake ni mwingine: hupanda angani ikala tabaka linalotukinga na jua, na huongeza joto la dunia. Mataifa yamekubaliana iondoke, na siku hizi kuipata Nairobi ni kazi. Mahali pake imeingia gesi mpya. Hii haiharibu anga. Inagandisha vizuri, hata mita ya stima haikimbii kama zamani. Lakini ni ndugu wa damu wa gesi ya kupikia, na haina hata ile harufu ya kumwonya mtu.

Kwa hiyo karakana ya Harjit Singh, pale mjini, ina sheria. Mashine iliyojazwa gesi mpya lazima ibandikwe stika nyekundu. Ukiiona stika, moto usiusogeze. Tafuta tundu kwa povu la sabuni.

Peres huuza vipuri kwenye kaunta ya karakana hiyo, na sheria ile anaijua kuliko sala. Mumewe Joash alikufa Kangemi, ameinama mbele ya friza ya muuza samaki, taa ya kunusa mkononi. Friza haikuwa na stika. Watu walisema marehemu alikuwa mzembe. Walisema hata matangani, wakinywa chai yake. Tangu siku hiyo Peres anatafuta kitu kimoja: mtu aliyejaza gesi ile na kuiacha bila alama. Ampate kabla hajaua mwingine.

Na leo, alipopita nyuma ya bucha kumletea Obuya vipuri, aliona kwenye kompresa ya Nyokabi mraba safi katikati ya vumbi. Stika ilikuwepo. Imebanduliwa.

"Hii ni kumi na mbili," Obuya alisema. "Hakuna stika."

"Ilikuwepo. Kuna mtu ameibandua."

"Nani abandue stika?"

"Mzee, angalia mpira wako."

Obuya aliangalia. Katika kubishana alikuwa ameushusha mkono, na ncha ya mpira ilikuwa imegusa sakafu. Ilikuwa inafyonza kutoka chini kabisa, mahali gesi imelala kama maji.

Mwali haukugeuka kijani. Ulirefuka. Ulitoka kwenye buluu ukaingia kwenye manjano, ukapanda, ukaanza kutikisika.

"Mbona inakuwa hivi?" mzee aliuliza, sauti yake ndogo ghafla.

"Inakula. Inua mpira, ufunge valvu. Usipulize, funga."

Vidole vya Obuya vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alishika valvu akaizungusha. Moto ukanguruma.

"Upande mwingine!"

Akazungusha tena. Moto ukarudi kuwa manjano, ukawa buluu, ukawa nukta. Ukazima.

Balbu ya dari iliwamulika mbuzi, na tone la damu lilidondoka sakafuni. Ndipo Obuya alipotoka, polepole, akiinua miguu kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake.

"Nilizima feni tangu nifike," alinong'ona. "Ili upepo usinitawanyie gesi. Nimeikusanya mwenyewe, nyar Alego. Nimejichimbia kaburi."

Peres aliusukuma mlango mzito ukajifunga. Akaegemea ukuta. Alidhani yameisha.

Hapo akageuka na kuona majiko.

Yalikuwa yamepangwa hatua chache kutoka mlango ule ule, makaa yakiwaka mekundu, mbavu zikitoa mafuta, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ikizungushwa. Jumamosi mchana, na Kenyatta Market nzima inakula. Chini ya mlango wa chumba cha baridi mpira wa kuziba ulikuwa umechakaa. Mtu angeweza kupitisha kidole. Gesi inayolala chini hutambaa. Ilikuwa na mahali pa kutokea, na mbele yake kulikuwa na moto.

"Mama Nyokabi! Zima majiko!"

Nyokabi alikuwa anakata ini. Ni mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe na sauti ya kuita wateja. Hakuinua hata kichwa. "Nizime nini?"

"Majiko yote. Gesi inavuja."

"Gesi gani? Mimi natumia makaa."

"Ya mashine yako ya baridi. Inawaka."

"Ya baridi inawaka?" Nyokabi alicheka, akawageukia wateja. "Mmesikia hiyo? Barafu yangu inashika moto!"

Wateja wakacheka. Mmoja, bwana wa tai iliyolegezwa, akainua kijiti cha meno. "Dada, mimi nimeagiza mbavu, sijaagiza mahubiri."

Peres alichukua ndoo ya maji ya kunawia mikono na kuimwaga yote juu ya jiko lililokuwa karibu zaidi na mlango.

Mvuke ulipanda hadi kwenye mabati. Majivu yalimrukia bwana wa tai kwenye shati. Nyokabi alikuja na kisu mkononi.

"Wewe umepandwa na nini? Unaniharibia siku!"

"Nipige baadaye," Peres alisema. "Sasa sogeza hayo mengine. Mume wangu alikufa kwa gesi hii hii. Nilimtambua kwa mkanda wa saa. Mama, sogeza."

Nyokabi alimtazama usoni. Kisu kikashuka. "Hebu beba majiko!" aliwafokea wachomaji wake. "Mnaangalia nini? Peleka upande wa barabara! Na wewe bwana, beba sahani yako, utakula ukitembea!"

Majiko yakainuliwa, cheche zikiruka. Watu walitawanyika na mbao zao za nyama mikononi, wengine wanatafuna bado. Nyokabi, akitaka kusaidia, alinyoosha mkono kwenye swichi ya taa kando ya mlango.

"Usiguse!" Obuya aliruka kama kijana. "Swichi inatoa cheche ndani!"

"Si ndiyo nizime?"

"Kuzima na kuwasha ni mamoja. Iache."

Na kabla hajamaliza kusema, kutoka nyuma ya mlango kulisikika mlio mdogo. Tik.

Ilikuwa themostati ya mle ndani. Chumba kilikuwa kimeingiwa na joto mlango ulipofunguliwa, ikaamka na kuiita mashine ifanye kazi. Ndani ya kiboksi hicho kidogo vyuma viwili hugusana, na vikigusana hutoa cheche.

Peres alifumba macho. Alimwona Joash, siyo wa siku ile ya Kangemi, bali wa siku za kawaida, akifunga viatu vyake mlangoni huku anapiga mluzi.

Kompresa ikaunguruma nyuma ya ukuta. Hakuna kingine.

"Kiboksi kiko juu," Obuya alisema, jasho likimtiririka. "Gesi haijafika pale. Bado. Lakini kompresa inaisukuma ndani, na kila ikigusa..." Akapangusa uso. "Stima ikatwe kutoka mbali. Kwenye swichi kubwa. Iko wapi?"

"Kwa Ndeti, mlinzi wa soko," Nyokabi alisema. "Lakini hiyo inakata safu nzima."

"Ikate safu nzima."

Nyokabi alikimbia, aproni ikipepea. Walisikia sauti yake ikimwita Ndeti kwa majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Walimsikia Ndeti naye akiuliza ruhusa imetoka kwa nani. Kisha ukatokea mlio mzito wa chuma, na soko likanyamaza: redio, feni, mashine za kunyoa, zote.

Halafu saluni zikaamka.

"Ndeti! Uko na wazimu? Nywele ya mtu iko kwa drayer!"

"Rudisha stima, mzee! Nina bibi harusi hapa!"

Peres aliusikia ukali ule ukamwingia kama muziki. Watu wanaolalamika ni watu walio hai.

Walifungua mlango wakaweka jiwe. Walishika maboksi ya kadibodi, Peres, Obuya na hata bwana wa tai mwenye majivu kwenye shati, wakapepea chini, chini kabisa, mpaka mikono ikauma na chumba kikawa na joto la nje. Nyokabi alisimama akiangalia nyama yake ikianza kutoa jasho.

Obuya aliketi juu ya kreti ya soda. "Ungenikuta nimeinama," alisema, "ungenizika karibu na Joash. Nilimfundisha mimi ile taa. Nilimwambia moto haudanganyi."

"Amka, mzee. Twende nyuma tukaione vizuri."

Nyuma ya bucha, katikati ya vumbi na manyoya ya kuku, kompresa ilikuwa imenyamaza. Mraba wa stika ulikuwa pale pale. Lakini safari hii Peres alichuchumaa, akapangusa kifuniko cha bomba la kujazia gesi kwa ncha ya leso.

Mkono wake ukasimama.

Juu ya kifuniko kulikuwa na tone la rangi ya kucha. Rangi ya zambarau iliyoiva, karibu nyeusi.

Mafundi wa Harjit wana desturi yao. Ukishaijaza mashine na kufunga kifuniko, unadondosha tone la rangi ya kucha, kila fundi na rangi yake. Siku mteja akilalamika, tone linasema ni mkono wa nani. Obuya anatumia nyeupe. Harjit mwenyewe, ambaye bado hushika spana licha ya umri, anatumia ya dhahabu. Zambarau ilikuwa ya Joash. Peres ndiye aliyemnunulia, hapa hapa Kenyatta Market, na saluni nzima ikamcheka Joash alipopakwa kucha moja kwa kujaribu.

"Nyokabi," aliita bila kugeuka. "Hii mashine ilijazwa lini?"

"Mwezi jana."

Mwezi jana Joash alikuwa ameshalala ardhini, na nyasi zimeanza kuota juu yake.

Obuya alirudi nyuma hatua moja. "Yesu."

"Siyo mzimu, mzee," Peres alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mzimu haubebi sanduku la spana. Siku ile ya kugawa vitu vya marehemu, koti lilienda kwa mjomba. Redio ikaenda kwa dada yake. Sanduku la kazi nililitoa kwa mkono wangu mwenyewe, likiwa na kila kitu ndani, hata chupa ya rangi. Unakumbuka nilimpa nani?"

Obuya alikumbuka. Alitazama chini.

Nilijua na wewe, msomaji, utauliza. Alipewa Zachariah, mdogo wake Joash, tumbo moja. Zachariah mcheshi, anayependwa na wateja wote. Zachariah aliyelia kaburini mpaka akashikwa asianguke.

"Alikuwa kijana mzuri sana," Nyokabi alisema, na sasa uso wake ulikuwa wa majivu. "Aliweka hiyo stika. Ilikuwa na picha ya moto. Mimi nikamwambia, fundi, nina majiko hapa, mtu akiona picha ya moto kwa mashine atakula wapi? Akacheka. Akaibandua na ufunguo. Akasema, mama, usijali, ni karatasi tu."

"Ni karatasi tu," Peres alirudia.

"Mimi sikujua! Nani angenieleza?"

Peres alisimama. Swali lililokuwa limelala ndani yake tangu mazishi liliinuka pamoja naye. "Mzee Obuya. Ile friza ya Kangemi. Kabla ya Joash kuitwa, fundi wa Kangemi alikuwa nani?"

"Peres..."

"Alikuwa nani?"

Obuya alivua kofia. "Waiyaki Way yote, na Kangemi ndani yake, ilikuwa ya Zachariah. Siku ile alikuwa na homa. Joash alienda badala yake."

Basi ndiyo hiyo. Karatasi iliyobanduliwa kumfurahisha muuza samaki. Mtu aliyejua na akanyamaza, akalia, akabeba jeneza upande wa kichwa. Kisha akachukua sanduku la marehemu akaendelea kufanya vile vile.

"Siku aliyokuja hapa," Peres alimuuliza Nyokabi, "alikuwa anatoka wapi? Anaenda wapi?"

"Alikuwa na haraka. Alisema anamalizia depo ya maziwa, Dagoretti Corner. Nao pia walikuwa wanataka gesi."

Obuya alishika mkono wa Peres kwa nguvu. "Depo ya maziwa? Harjit ameenda huko leo! Bomba limepasuka. Amebeba mtungi wa kuchomelea."

"Na nani?"

"Na Zachariah. Ndiye anayeendesha pikapu."

Peres alikuwa ameshaanza kukimbia. Alivuka saluni, akavuka majiko, akafika kando ya barabara mbali na hewa ya bucha, ndipo akatoa simu. Harjit Singh hakuwa tu mwajiri wake. Ndiye peke yake aliyesema mbele ya watu, siku ya mazishi, kwamba Joash hakuwa mzembe. Mzee yule akiona mashine haina stika ataamini ni gesi ya zamani, kwa sababu sheria aliiandika mwenyewe. Atawasha mtungi bila kusita.

Simu iliita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mzee Harjit, usiwashe moto!"

"Ni mimi, shemeji." Sauti ya Zachariah, changamfu kama kawaida. "Mzee ameacha simu kwa gari. Yuko ndani. Nimpe ujumbe?"

"Ameshawasha?"

"Bado anasugua bomba. Kwani kuna nini?"

"Ingia umtoe. Sasa hivi."

"Nimtoe aje? Unajua vile mzee..."

"Hiyo mashine uliijaza gesi gani, Zachariah?"

Magari yalipita upande wa Zachariah, kondakta akiita abiria wa Ngong Road.

"Niko kwa Nyokabi," Peres alisema. "Nimeona rangi ya kaka yako."

"Shemeji, skiza..."

"Nitakusikiliza kesho. Nitakusikiliza mwaka mzima ukitaka. Saa hii ingia ndani umwambie ni gesi gani."

Pumzi za Zachariah zilisikika fupi fupi, kama za mtu aliyepanda ngazi. "Nikimwambia hii," alisema, "itabidi nimwambie na ya Kangemi."

Peres hakuwa ametaja Kangemi.

"Utamwambia," alisema polepole. "Mimi nimeshajua, na bado nakuita shemeji. Nimemzika mmoja. Usinipe wa pili. Ingia, Zachariah."

Kutoka mbali, kutoka ndani ya depo, Peres alisikia nyundo ikigonga bomba mara moja, kisha sauti ya Harjit, tulivu, ya mtu anayefanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. "Zachariah! Njoo unishikie hapa!"

Mlango wa gari ulifungwa. Peres alitega sikio, akingoja kusikia viatu vikikimbia juu ya kokoto.

Hakuna viatu vilivyokimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kutoka ndani, Zachariah akiwa kwenye usukani. Na karibu kabisa na simu, injini ya pikapu ikawaka.